Kumsoma farasi ambaye hajashinda bado

Ukifika Ngong, uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi, siku ya Jumapili, usianze na madirisha ya kuwekea dau. Yapite, zunguka nyuma, nenda kwenye vibanda vya kutandikia kabla watu hawajajaa. Simama pale farasi wanapotolewa mmoja mmoja kuingia kwenye kile kiwanja cha kuwazungushia, padoki. Ukichelewa hapo, umekosa dakika kumi ambazo ndizo ninazozungumzia leo.

Nawaandikia hasa vijana wa Bombo, Uganda. Kila tukienda Kibera, Nairobi, kwenye harusi, pilau ya Jumamosi ikishaliwa, Jumapili mchana lazima kikundi kitoroke kwenda kwenye mbio. Najua kwa sababu hata mimi nilianza hivyo. Sisi Wanubi tuna ndugu pande zote mbili za mpaka. Nikiwa na miaka 19 nilipanda basi kwenda kwa mama mdogo Kibera, nikasema nakaa mwezi mmoja. Nikakaa miaka saba, na yote hiyo nikiwa saisi kwenye mazizi ya farasi wa mbio. Nilikuwa na farasi watatu mikononi mwangu. Kabla ya alfajiri kuwatembeza, kisha kuwasugua, kuwalisha, kuwafunga miguu, na jioni kuanza upya. Nilirudi nyumbani na bega lililoteguka na jicho ambalo mpaka leo halijastaafu.

Mpwa wangu hunipigia simu akiwa huko. "Mjomba, namba nne vipi?"

"Anatembeaje?"

"Sijui, naangalia kitabu cha mbio."

Kitabu kina nini cha kukwambia, mwanangu? Mbio za meiden ni za farasi ambao hawajawahi kushinda hata mara moja. Mwanzo wa msimu wengi wao hawajawahi hata kukimbia mbele ya watu. Mbele ya jina lake utakuta jina la baba, la mama, la mwenye mali na la mkufunzi, halafu nafasi tupu. Hiyo nafasi tupu inajazwa na macho.

Kabla sijaendelea, niseme wazi: mimi sichezi kamari. Dini yangu hainiruhusu, na wewe kama hujafika miaka 25 sheria ya Uganda ya mwaka 2016 haikuruhusu pia. Nakufundisha kusoma farasi, ukifanya nayo nini ni shauri lako na mama yako. Na wale farasi wa kompyuta wanaokimbia kila baada ya dakika chache kwenye maduka ya kubeti Kampala, usiniulize habari zao. Hao hawana miguu.

Anza na umri. Farasi wa mbio hawasherehekei siku yao ya kuzaliwa. Uingereza na Ulaya wote huongezwa mwaka tarehe 1 Januari. Afrika Kusini na Australia ni tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo wawili wanaoitwa "wa miaka miwili" wanaweza kupishana miezi minne au mitano, na kwa farasi mchanga miezi mitano ni kama mtoto wa darasa la tatu kupangwa na wa darasa la tano. Kama kitabu kinaonyesha tarehe ya kuzaliwa, itazame kwanza. Kama hakionyeshi, tazama mwili. Farasi ambaye matako yake yako juu kuliko mabega, kana kwamba anateremka mlima akiwa amesimama, bado anakua. Nyuma imetangulia, mbele inafuata. Huyo muache, hata kama anang'aa kama kiatu cha askari. Atakuja baadaye, pengine kwenye mbio ndefu.

Halafu magoti. Mfupa ulio juu ya goti la mguu wa mbele hufunga ukuaji wake farasi anapokaribia miaka miwili hadi miwili na nusu. Kabla ya hapo goti linaonekana kubwa, la duara, limevimbavimba kama goti la mtoto anayejifunza kutambaa. Mkufunzi mwenye akili hupiga picha za eksirei kabla ya kumkimbiza kwa nguvu. Asiye na akili husubiri farasi achechemee. Teremsha jicho chini ya goti, upande wa mbele wa muundi. Farasi wachanga wanaoharakishwa huumia hapo. Ukiona pamevimba kidogo, au nywele zimenyonyoka kwa dawa ya kuchua, au farasi anakanyaga kama aliyevua viatu juu ya kokoto, umeshapata habari ambayo kitabu hakina.

Kuna jambo la meno ambalo watu hulisahau. Meno mawili ya mbele ya utoto hung'oka farasi akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata miaka mitatu na nusu. Wakati huo mdomo unauma na lijamu inamkera. Utamwona anarusha kichwa, anatoa ulimi pembeni, anapigana na hatamu. Watu wa jukwaani watasema ana kichaa. Hana kichaa, anaota meno. Nilikuwa na mmoja hivyo, sisi masaisi tulimwita Pilipili. Mbio mbili za kwanza alimburuta joki, mpandaji wake, upande hadi upande. Baada ya wiki sita meno yakakaa sawa, akaenda amenyooka kama mshale.

Sasa mwendo. Hapa ndipo nataka ukae.

Usimtazame farasi akiwa amesimama, kwa maana amesimama kila mtu ni mzuri. Ngoja atembee, na umtazame kutoka pembeni. Ukwato wa nyuma unapotua, je, unapita alama iliyoachwa na ukwato wa mbele? Ukipita kwa kiasi cha kiganja cha mkono au zaidi, ana hatua ndefu na mgongo ulio huru. Ukitua kabla ya alama, amejikaza mahali: mgongo, nyonga, au roho. Kisha zunguka umtazame akija na akienda. Miguu iende moja kwa moja. Anayerusha mguu wa mbele nje kama anapiga makasia anapoteza nguvu kila hatua, na hatua ni nyingi sana kwenye mita 1200.

Kichwa kinapanda na kushuka taratibu pamoja na mwendo. Masikio yanacheza, moja mbele moja nyuma, anasikiliza dunia. Masikio yaliyolala nyuma muda wote ni hasira au maumivu. Yaliyokazana mbele bila kugeuka ni woga. Mkia unaopigapiga na hakuna inzi ni kero.

Jasho lina lugha yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1600 juu ya bahari, asubuhi ni baridi, lakini saa nane mchana jua linawaka na farasi akilowa shingo kidogo si dhambi. Povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, hilo ndilo la kuogopa. Ina maana mbio zake amezimaliza kwenye padoki. Lakini mtoto wa mara ya kwanza nampa nafuu kidogo. Hajawahi kusikia kipaza sauti, hajawahi kuona mwavuli ukifunguka. Mtazame mzunguko wa kwanza, halafu wa nne. Kama jasho limekauka na macho yametulia, anajifunza haraka, na farasi anayejifunza haraka ndiye unayemtafuta.

Unene: mbavu mbili za mwisho zionekane kwa mbali anapogeuka, si zaidi. Zisipoonekana kabisa, na tumbo limening'inia, basi amekuja kufanya mazoezi kwa tiketi ya watu. Kati ya misuli ya paja la nyuma kuna mfereji unaojitokeza farasi akiwa tayari. Ukishauona mara moja hutausahau.

Nimekosea pia, usidhani. Mwaka wangu wa pili nilimpenda mwekundu mmoja mkubwa mpaka nikawa namwota. Ngozi ilikuwa na madoa ya afya kama sarafu, kifua kama mlango wa msikiti. Niliwaambia masaisi wote. Akamaliza wa mwisho, kwa umbali ambao sikujua tulikuwa na uwanja wa kuutosha. Sababu? Alikuwa amefika karibuni kutoka Afrika Kusini, kutoka pwani, na kifua chake kizuri hakijazoea hewa nyembamba. Nilitazama nyumba nikasahau kuuliza mwenyeji amehamia lini.

Haya, mkufunzi. Vijana mnauliza nani ameshinda mbio nyingi. Mnauliza vibaya. Mwenye farasi hamsini lazima ashinde zaidi ya mwenye kumi, hiyo ni hesabu ya duka, si ya ufundi. Kwenye meiden za mwanzo wa msimu, swali ni hili: huyu mtu humleta farasi wa mara ya kwanza akiwa amekamilika, au humleta kuona dunia?

Wapo wa aina zote mbili, na wote wanaweza kuwa wakufunzi wazuri. Wa kwanza huwapiga wanafunzi wake msasa nyumbani, huwapitisha kwenye geti la kuanzia mara kadhaa, huwakimbiza shoti sambamba na farasi wakubwa. Siku ya kwanza wanatoka getini kama risasi. Wa pili anasema mbio ya kwanza ni shule. Humpa joki mwanagenzi, humwambia asitumie kiboko, na farasi anamaliza wa tano akiwa na nguvu tele. Kuwatenganisha si kazi ngumu. Chukua vitabu vya msimu uliopita, au mwombe mtu aliyevihifadhi, na kwa kila mkufunzi andika mistari miwili: farasi wake walimaliza wa ngapi mara ya kwanza, na wa ngapi mara ya pili. Ukishafanya hivyo kwa wakufunzi sita, utakuwa umewapita nusu ya wazee wa jukwaani wanaovaa kofia.

Tazama pia umbali. Mtoto wa ukoo wa mita 2400, urefu wa Derby ya Kenya, akiandikishwa mita 1000 mwezi wa kwanza wa msimu, hakuna anayetegemea ashinde. Anafundishwa kushindana, basi. Mkufunzi akiwa na farasi wawili mbio moja, angalia joki wake mkubwa amepanda yupi, lakini usilale juu ya hilo: wakati mwingine mwenye farasi ndiye aliyechagua, kwa sababu analipa.

Na kuna kipimo changu mimi, ambacho hakimo kitabuni. Tazama masaisi. Mkufunzi ambaye saisi mmoja amemshika farasi yuleyule tangu amefika zizini, utaona hatamu imelegea, farasi anampapasa mgongoni kwa pua, wanatembea kama watu waliozoeana sokoni. Zizi linalobadilisha masaisi kila mwezi kwa sababu mishahara inachelewa, farasi wake wanaingia padoki macho meupe, na kijana amening'inia kwenye mnyororo. Nilifanya kazi kwenye zizi la namna hiyo kwa muda mfupi, silitaji. Shayiri ilikuwa nzuri, tandiko jipya, na hakuna farasi aliyelala chini usiku akapumzika. Farasi mkubwa aliyezoea anaweza kuvumilia. Mchanga hawezi.

Mkufunzi mwenyewe akiingia padoki, mtazame mikono. Anayeinama akapitisha kiganja kwenye kano za mbele kabla joki hajapanda, huyo hata nikishindwa naye sinung'uniki. Na anayemwondoa farasi asubuhi kwa sababu ardhi imekuwa ngumu kama barabara ya Luweero wakati wa kiangazi, andika jina lake. Farasi huyo atakaporudi, atakuwa amerudi kwa kusudi.

Matokeo nayo yasome kwa kuuliza nani alikuwa mbele. Tarehe 13 Agosti 2010, kule Newmarket Uingereza, farasi anayeitwa Nathaniel alikimbia mara yake ya kwanza, akashindwa kwa nusu ya urefu wa farasi. Kitabu kingekwambia: ameshindwa. Lakini aliyemshinda, naye siku yake ya kwanza, alikuwa Frankel wa mkufunzi Henry Cecil, ambaye alikuja kukimbia mbio 14 na kushinda zote. Nathaniel mwaka uliofuata akachukua King George, mbio kubwa za pale Ascot. Ngong hatujapata Frankel, lakini kila msimu kuna meiden moja ambayo wa pili na wa tatu wake wanakuja kushinda baadaye. Ukiigundua, ishike kama risiti.

Kwa hiyo mbio zikiisha usikimbilie mshindi. Watu wote watakuwa kwake, wanapiga picha. Nenda wanakotolewa tandiko waliobaki, uwatazame ubavuni. Farasi aliyepumzika hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Akitoka mbioni ubavu unakwenda kama mvukuto. Hesabu. Yupo mmoja, mara nyingi wa nne au wa tano, aliyebanwa kwenye kamba na joki hakupata nafasi. Baada ya dakika kumi ubavu wake umetulia, anamvuta saisi wake akatafute nyasi. Muulize saisi jina lake la zizini, si lile la kitabuni, na umsalimie vizuri, umwite kaka. Akikujibu huku anatabasamu, andika tarehe, na uhesabu wiki tatu, umngoje arudi mbioni.