Mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi usisubiri ujae

Katika mashine nyingi za nyumbani, mfuko wa vumbi si wa kukusanyia taka tu, bali pia ni chujio, kwa kuwa hewa inayovutwa hupenya kwenye kuta zake kabla ya kufika kwenye mota. Vumbi laini, hasa la plasta au unga, huziba vitundu vyake hata kabla haujafika nusu, na hapo mashine huanza kuvuta kwa unyonge. Kwa taka za kawaida, ubadilishe unapofikia robo tatu. Unapokwenda kununua mwingine, nakili namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, kwani shingo ya kadibodi iliyo kwenye mdomo wa mfuko isipokaa sawasawa, vumbi hupita pembeni. Kukung'uta mfuko wa karatasi ili utumike tena ni ubahili usiolipa: vitundu vilivyoziba havifunguki.