Kabla ya kubadilisha kitasa, kagua skrubu

Kabla hujanunua kitasa cha bei mbaya, fungua mlango utazame kile kibati cha kwenye fremu, pale ulimi wa kitasa unapoingia. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu fupi za sentimita 2 hivi, zinazoishia kwenye ubao tu. Mlango ukipigwa teke, kitasa hubaki kizima. Kinachopasuka ni fremu. Zitoe, weka za sentimita 7 au 8 zipenye hadi ukutani (ukuta wa tofali au zege utobolewe kwanza na kuwekewa plagi za kushikia skrubu). Bawaba nazo zipe skrubu ndefu. Na ule ufunguo wa akiba chini ya zulia la mlangoni uondoe leo, maana mwizi naye anapajua.