Kitambua metali cha mkononi kijaribu kwa mkufu, si kwa sarafu

Unataka kununua kitambua metali kidogo, kile cha kuchomeka shimoni kuonyesha kitu kilipo hasa? Usikijaribu kwa sarafu. Sarafu kila kifaa kinaiona. Nenda na kipini cha pua na mkufu mwembamba wa dhahabu, uvisogeze polepole kwenye ncha. Mkufu ndio mtihani wenyewe: kifaa husoma kila kijipete peke yake, hivyo mara nyingi kinachokiliza ni kifungio tu. Kikikaa kimya hata mkufu ukigusa ncha, kiache hapohapo dukani. Ukitafutia ufukweni, chagua kinachoingia majini (Garrett Pro-Pointer AT huvumilia mita 6) na kinachorekebishika haraka, maana mchanga wenye maji ya chumvi hukifanya kilie ovyo. Mtetemo nao muhimu, mawimbi humeza mlio.