Kabla hujanunua saksafoni nyingine, pima kwanza sauti yako inatoka wapi

Kila msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba na watu wakilipwa, napata wateja wa aina moja. Kijana anafika na saksafoni ya Kichina mgongoni, ameshasikiliza jazi ya Wamarekani kwenye simu mpaka imemkaa, na hoja yake ni fupi: "Mwalimu, hiki chombo hakina jazi. Nataka Selmer, ile aliyopiga Coltrane." Selmer ni saksafoni ya Kifaransa, na Coltrane ni nguli wa saksafoni wa Kimarekani. Selmer mpya bei yake inanunua bodaboda kadhaa. Basi kabla hajazitoa hizo hela, namzungusha kwenye haya ninayoandika hapa. Mimi napuliza tenori, saksafoni kubwa na ya sauti nzito kuliko ile iitwayo alto, kwenye matarumbeta ya harusi, Mtwara mjini na Mikindani, na jioni nafundisha Chikongola.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ile sauti inayomfanya mtu aseme "huyo ni fulani" bila kukuona, sehemu yake kubwa imo kinywani na kooni mwako. Inayofuata imo kwenye mausipisi, yaani kile kipande kinachoingia mdomoni, pamoja na ridi, lile bapa la tete linalotetemeka chini yake. Bomba la shaba linakuja mwisho. Lakini bomba likivuja, hayo mengine yote hayana kazi, ndiyo maana tunaanza nalo.

Huku kwetu chumvi haina huruma. Ukikaa Shangani, springi za chuma zinashika kutu, na pedi za ngozi, zile zinazoziba matundu ya bomba ukibonyeza funguo za vidole, zinavimba wakati wa mvua, kisha kusi likivuma zinakauka. Pedi isipokaa sawasawa hewa inapita, na noti za chini zinagoma. Unafunga vidole vyote, unaongeza na vidole vidogo vya mikono miwili, na badala ya noti nzito unapata mkoromo, au noti inaruka juu. Mtu anadhani mapafu yake ni mabovu, kumbe pedi.

Kulijua hili si kazi. Usiku, zima taa. Chukua mkanda mwembamba wa taa za LED, ule wa kupambia kumbi za harusi, uunge kwenye pawabenki, uteremshe ndani ya bomba. Funga funguo kwa uzito uleule wa vidole unaoutumia ukipiga, usizikandamize. Mwanga ukichungulia pembeni mwa pedi, pumzi yako inaishia hapo. Kwa pedi ndogo za juu tumia karatasi ya kusokotea sigara: kata ukanda mwembamba, uweke chini ya pedi, funga, vuta. Ukanda ukitoka bila kushikwa, pedi haikai. Zungusha karatasi pande zote, maana pedi inaweza kushika mbele na kuachia nyuma. Ufunguo uliopinda fundi anaunyoosha, pedi iliyochanika inabadilishwa. Fundi akitaka kukupakia supaglu, chukua chombo chako uondoke.

Bomba likishakuwa zima, lifanyie jaribio lenyewe. Tafuta mpulizaji mwenzako mwenye chombo cha aina moja na chako, alto kwa alto au tenori kwa tenori. Chagueni wimbo mfupi mnaoujua wote. Simu irekodi ikiwa juu ya kiti upande wa pili wa chumba, na isisogezwe. Mzunguko wa kwanza kila mtu apige chombo chake na mausipisi yake. Wa pili badilishaneni vyombo, lakini kila mtu abaki na mausipisi na ridi yake. Wa tatu rudisheni vyombo, mbadilishane mausipisi. Zioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya baridi au ya uvuguvugu. Ya moto yanaipausha ile ebonaiti, mpira mgumu mweusi unaotengenezewa mausipisi nyingi. Kisha mtu wa tatu, asiyejua nani kapiga lini, asikilize zote na ataje majina.

Simu hapa ni lazima. Meno yako ya juu yamegusa mausipisi, kwa hiyo sauti inapita kwenye mfupa wa kichwa mpaka sikioni, na unayoisikia wewe siyo anayoisikia bibi harusi.

Nikifanya hivi na wanafunzi, vyombo vikibadilishwa msikilizaji kwa kawaida bado anawatambua. Mausipisi zikibadilishwa anaanza kusitasita. Ila mwache mpulizaji mzoefu na mausipisi ngeni kwa muda, utamsikia anarudi polepole kwenye sauti yake ya siku zote, bila yeye mwenyewe kukusudia. Kinachobadilika sana kwenye chombo kizuri ni wepesi: noti zinaitika haraka, zinakaa kwenye tyuni, huchoki mapema. Hayo ni mambo makubwa, siyadharau, lakini ni tofauti na sauti.

Wakubwa wametuachia ushahidi. Tarehe 15 Mei 1953, kwenye ukumbi wa Massey Hall mjini Toronto, mpiga alto Charlie Parker alipanda jukwaani na wanajazi wenzake Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach, mkononi ana alto ya plastiki aina ya Grafton iliyotengenezwa Uingereza. Rekodi ipo, na anayesikika ni Parker yuleyule wa shaba. Mpiga alto mwingine, Ornette Coleman, naye alipiga Grafton, na hakuna anayewachanganya wawili hao. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1934. Coleman Hawkins alipoondoka kwenye bendi ya Fletcher Henderson, nafasi yake ya tenori ilichukuliwa na Lester Young. Hawkins alikuwa na sauti nene yenye mtetemo, Young nyepesi na laini. Wenzake walilalamika, na mke wa Henderson akawa anamwekea santuri za Hawkins ili ajifunze kupuliza kama yeye. Young hakubadilika, akaondoka baada ya muda mfupi. Leo wapiga tenori wanamfuata Hawkins au wanamfuata Young. Mtu anaweza kunijibu kwamba na mausipisi zao zilitofautiana, na ni kweli. Lakini kila mmoja alichagua iliyomsaidia kutoa sauti iliyokwishakuwa kichwani mwake.

Sasa kazi ya koo, na hapa usiharakishe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walipima vinywa vya wapulizaji wakiwa wanapiga. Kwenye noti za juu kabisa, zile zinazopita mwisho wa vidole vya kawaida, wazoefu walikuwa wanalipanga umbo la koo na kinywa lifuatane na noti. Wasio wazoefu hawakuweza, na noti hizo zikawashinda.

Zoezi lake ni hili. Funga vidole vyote kwenye noti ya chini kabisa na usiviondoe mpaka mwisho. Ufunguo wa oktavu, ule wa kidole gumba unaopandisha noti juu, usiguse. Piga ile noti, iite do. Halafu bila kusogeza kidole wala kung'ata ridi, tafuta do ya oktavu inayofuata, kisha so ya juu yake, kisha do nyingine, kisha mi. Aliyeimba kwaya kwa tonik solfa ana faida, kwa sababu njia ni kuiimba noti kichwani kwanza mpaka koo likae, ndipo upulize. Ulimi unapanda kama wa mtu anayesema "ii", unashuka kama wa "oo". Siku za mwanzo utatoa milio ya kutisha, majirani watauliza. Endelea kila siku kidogo kabla ya nyimbo, na noti zako za kawaida zitaanza kunenepa bila kubadilisha chochote kingine.

Zoezi la pili ni kupuliza mausipisi peke yake, bila bomba, na tyuna ya simu. Mausipisi ya alto iliyopulizwa kwa mkao wa mdomo wa muziki wa klasiki hutoa karibu hezi 880 (mitetemo 880 kwa sekunde), tenori karibu 784. Wapigaji wengi wa jazi hukaa chini ya hapo kwa sababu taya limelegea. Ikiwa wewe uko juu zaidi, unabana, na ndiyo maana sauti yako ni nyembamba hata kwenye chombo cha mwalimu wako.

Koo likianza kutii, ndipo uangalie mausipisi. Mwanya kati ya ncha yake na ridi ndio wa kupima: ya kuanzia ya tenori ina karibu milimita 1.8, na wengi wa jazi huchagua kati ya 2.5 na 2.9. Mwanya mpana unataka ridi laini zaidi. Ukiweka ngumu utapuliza upepo mtupu. Panda ngazi moja moja. Vijana huniuliza kwa nini wachongaji wa Kimakonde wasituchongee za mpingo, kwani mpingo wa Kilwa si ndio unaotengenezewa klarineti na obo duniani? Kuchonga wanaweza. Ila sauti inaamuliwa na umbo la ndani na mwanya, ambako sehemu ya kumi ya milimita inasikika, na mti unavimba kwa mate. Kwa kipande hicho nabaki na ebonaiti.

Uzuri wa sauti pia unajengwa na unayemsikiliza. Chagua mpulizaji mmoja, umwige sentensi moja mpaka pumzi zake. Si lazima awe Mmarekani: Mkongo Verckys alivyopuliza na OK Jazz, bendi ya Franco, miaka ya 1960 ni shule tosha.

Ukiwa umepita yote haya na bado unataka chombo kingine, nunua, sikuzuii. Nenda Dar na mausipisi yako na ridi uliyoizoea, upige noti za chini kwa sauti ndogo kabisa kabla ya kuonyesha mbwembwe, na uchukue ule mkanda wa taa. Kurudi, usikubali konda aisukume kwenye buti chini ya magunia. Kata hata siti ya pili ikibidi, maana ufunguo mmoja ukipinda njiani unarudi kule kule kwenye uvujaji.