Kabla ya Kuingia Korongoni, Hakikisha Matairi Yote Manne Yanafika Chini

Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, kule Ziwa Natron, inakatwa na makorongo yanayoteremka kutoka ukuta wa Bonde la Ufa. Kiangazi ni mchanga na mawe, masika ni maji na tope. Nimewahi kukwama huko na pikapu yenye injini nzima na matairi mapya. Tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia yalikuwa yakining'inia hewani yakizunguka bure, na yale mawili yaliyokanyaga ardhi yametulia tuli. Nilikuwa nimeshaweka fowili, yaani ekseli ya mbele na ya nyuma zote zinapewa nguvu ya injini, na haikusaidia kitu.

Sababu iko ndani ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu ya injini kushoto na kulia. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa matairi mawili ya ekseli moja, na tairi lililo hewani halihitaji nguvu yoyote ya maana ili lizunguke. Kwa hiyo lenzake lililo chini nalo hupewa kiasi hichohicho kidogo, kisichotosha kusogeza gari. Fowili inaongeza ekseli ya pili tu; nayo ikiwa na tairi moja hewani, umebaki palepale. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya safari ya namna hii ni kama springi zako zinaliruhusu kila tairi kuifuata ardhi inapokwenda. Nguvu za farasi zinakuja baadaye.

Anza kwa kulijua gari lako. Land Cruiser 79, tangu ilipotoka mwaka 1999, ina ekseli nzima mbele juu ya koili springi, na springi za vipande nyuma. Tairi moja la mbele likipanda jiwe, ekseli inainama na kulisukuma lenzake chini. Hilux za kuanzia 2005 kila tairi la mbele linacheza peke yake, na mchezo wake ni mfupi zaidi. Ni gari zuri sana kwenye barabara ya makunyanzi, lakini korongoni huinua mguu mapema, kwa hiyo dereva wake achague njia kwa uangalifu zaidi.

Nyuma ndiko kwenye makosa mengi, na mengi tunayafanya wenyewe. Mtu akitaka kubeba zaidi, anaongezewa vipande vya springi gereji. Gari langu lilikuwa limeongezewa viwili. Kwa mzigo wa tani moja lilikaa vizuri. Likiwa na mzigo mdogo springi ilikuwa ngumu kama reli, haikunjiki, na tairi halishuki. Nilivitoa vyote viwili, na tofauti niliiona wiki hiyohiyo. Ukikagua springi, angalia pia kama vipande vimegandana kwa kutu, kama sheko (kiungo kinachoshika ncha ya springi) inacheza au imekaza, na kama bushi za kwenye viungo hivyo zimekwisha. Kisha tazama yubolti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Ukiona alama ya chuma kinachong'aa pembeni ya kitako cha springi, ujue ekseli inatembea, na senta boliti, ile ya katikati inayoshika vipande pamoja, iko njiani kukatika. Yubolti zikazwe kabla ya kuondoka, na zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya njia mbovu.

Halafu fanya jaribio hili nyumbani. Tafuta kifusi au jiwe pana, pandisha tairi moja la mbele polepole, vuta hendibreki, weka vigingi, shuka. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila tairi. Likiruhusu karatasi kupita, halibebi kitu. Hata likiizuia, kumbuka kwamba tairi linaloigusa ardhi kwa wepesi linakamata kwa wepesi; mshiko unafuata uzito. Lala pembeni ya gari na umulike kwa tochi. Paipu ya breki upande ulioshuka imelegea, au imevutika kama kamba ya kuanikia nguo? Tairi lililopanda linasugua madigadi? Shokapu je? Magari mengi yaliyoinuliwa yamewekewa springi ndefu yakaachiwa shokapu zilezile fupi. Shokapu inafika mwisho wake kwanza, inalizuia tairi kushuka, na pesa yote ya springi imepotea. Ukikuta hivyo, usiondoke, kwa sababu paipu ya breki au shokapu ikikatika Engaruka, kijiji cha njiani, hakuna duka la vipuri jirani.

Upepo wa matairi nao una kazi yake. Tairi lililolegezwa hulikumbatia jiwe badala ya kulirukia, na alama yake ardhini inarefuka. Kwa mzigo wa wastani mimi nashusha kutoka psi 35 hadi 25 kwenye mawe, na mchanga mzito hadi 18, mwendo ukiwa mdogo na bila kukata kona kwa nguvu. Pampu iwe ndani ya gari, maana huwezi kurudi lami na upepo huo.

Mzigo mzito ukae chini, karibu na kabini. Mapipa ya maji juu ya keria yanalivuta gari upande mmoja pale tu linapojipinda.

Habu za kufungwa kwa mkono, zinazounganisha matairi ya mbele na ekseli yake, zijaribu mapema, kwa sababu zisipotumika muda mrefu hukaza. Kama gari lina loki ya difu, inayoyafunga matairi mawili ya ekseli yazunguke pamoja, ijaribu kwenye vumbi: mara nyingi haiingii ukiwa umesimama, mpaka gari litembee kidogo. Ya mbele usiitumie huku unakata usukani. Usiyekuwa na loki, tairi likianza kuzunguka hewani, kanyaga breki kidogo huku umeshikilia mafuta. Lile la hewani linapata kizuizi, na lile la chini linapata nguvu.

Mwisho, korongo lipite kwanza kwa miguu. Mwenzako asimame ng'ambo mahali unapoiona mikono yake, akuoneshe tairi lipi linaanza kunyanyuka. Likinyanyuka, simama, rudi nyuma kidogo, jazeni mawe pale lilipokosa ardhi, ndipo upande tena.