Namna ya Kupanga Ununuzi wa Kompyuta za Ofisi Wakati wa Uhaba wa Memori

Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025, bei ya memori ya kompyuta, yaani RAM, imepanda kwa kasi ambayo ofisi nyingi hazikuwa zimeitengea bajeti. Chanzo chake kinajulikana. Sehemu kubwa ya RAM inayotumika duniani hutengenezwa na kampuni tatu, ambazo ni Samsung na SK Hynix za Korea Kusini pamoja na Micron ya Marekani, na zote tatu zimeelekeza nguvu kwenye memori aina ya HBM, ile inayofungwa kwenye mitambo ya akili bandia. Kwa ujazo uleule, HBM hula nafasi ya kiwanda takriban mara tatu kuliko DDR5, kizazi cha sasa cha RAM ya kawaida, hivyo kila oda kubwa ya vituo vya data hupunguza kile kinachobaki kwa ajili ya kompyuta za mezani na za mkononi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya kuwauzia wateja wa kawaida. Kiwanda kipya cha memori huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo si busara kuahirisha ununuzi wa lazima kwa kutumaini kwamba bei itashuka mwezi ujao.

Kazi ya kwanza ifanyike ofisini kabla ya kuomba bei popote. Andaa orodha ya kompyuta zote, na kwa kila moja andika prosesa, kiasi cha RAM, kizazi chake kama ni DDR3, DDR4 au DDR5, idadi ya sloti (nafasi za kuchomekea RAM), mtumiaji wake na kazi anayoifanya. Orodha nyingi za mali za ofisi huishia kwenye namba ya stika na jina la chapa, na hizo hazitoshi kufanyia uamuzi.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance kisha uchague Memory. Hapo utaona kiasi kinachotumika, kasi ya RAM, na mstari wa Slots used unaoweza kusomeka, kwa mfano, 1 of 2, maana yake sloti moja iko wazi. Upimaji ufanyike wakati kazi imepamba moto. Kompyuta ya mhasibu ikipimwa asubuhi kabla hajafungua chochote itaonekana inatosha. Ipime mwisho wa mwezi, programu ya uhasibu ikiwa wazi, majedwali mawili matatu makubwa ya Excel yakiwa wazi pia, na kivinjari kikiwa na kurasa za benki na za mamlaka ya mapato. Ikiwa wakati huo RAM ya GB 8 inatumika kwa zaidi ya asilimia 85 na mashine inasitasita kila anapohama kutoka dirisha moja kwenda jingine, hitaji ni la kweli. Ikiwa inatumika kwa asilimia 60, ucheleweshaji unaolalamikiwa unatoka kwingine, mara nyingi kwenye hadidiski ya zamani inayozunguka, na kuongeza RAM hakutasaidia. Badilisha diski hiyo kwa SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Nayo imepanda bei, kwa kuwa chipu zake nyingi hutoka kwa watengenezaji walewale, lakini ya ujazo mdogo huitosha kompyuta ambayo mafaili yake yanatunzwa kwenye seva.

Baada ya vipimo hivyo, tenga mashine zinazoweza kuongezewa RAM, zile zinazopaswa kubadilishwa, na zile zinazoweza kusubiri. Wengi hukosea kwenye kundi la pili kwa kuongozwa na umri wa mashine pekee. Kinachoamua zaidi ni mfumo endeshi. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa nyingi za Intel, kizazi cha nane na kuendelea. Taasisi inaweza kulipia masasisho ya usalama ya ziada hadi Oktoba 2028, kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka, kiasi kwamba miaka mitatu hufikia dola 427. Anayejiunga mwaka wa pili hulipia na wa kwanza pia. Kwa maoni yangu, njia hiyo inafaa kwa mashine chache zilizofungwa kwenye kazi maalumu. Kuilipia ofisi nzima ni kupoteza fedha ambayo ingenunua kompyuta. Tena, usiweke RAM ya bei ya sasa kwenye kompyuta isiyoweza kupokea Windows 11, isipokuwa umekusudia kuihamishia mfumo endeshi mwingine kama Linux.

Ukinunua mpya, GB 16 ndicho kiwango ninachokishauri kwa kazi za kawaida za ofisi. Shikilia hilo hasa kwenye kompyuta za mkononi, kwa sababu nyingi za siku hizi RAM yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na mashine iliyonunuliwa na GB 8 itabaki na GB 8 mpaka inatupwa. Muuzaji akikupa ya GB 8 kwa bei nafuu, mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba ina sloti ya kuongezea. Mbunifu au mhandisi anayehitaji GB 32 au zaidi atajwe kwa jina kwenye mpango, ili hitaji lake lisiwe kisingizio cha kuinunulia idara nzima mashine za aina hiyo.

Upande wa wasambazaji unahitaji uangalifu zaidi kuliko zamani. Mizigo mingi inayouzwa Dar es Salaam na Nairobi hupitia Dubai na hulipiwa kwa dola, kwa hiyo muuzaji hawezi kushikilia bei muda mrefu. Badala ya kumlaumu, panga idhini za ndani zipatikane mapema: bajeti ipitishwe, vipimo vya kiufundi viandikwe, na watia saini wajulikane kabla ya proforma, yaani ankara ya awali ya bei, kuombwa. Vipimo vitaje kiwango cha chini pasipo kufunga chapa moja, ili mzigo ukikosekana pawepo mbadala. Proforma ionyeshe tarehe ya mwisho ya bei, muda wa kuleta mzigo, kama bei imejumuisha VAT, na kitakachofuata endapo mzigo utachelewa. Mahitaji ya mwaka mzima yagawanywe kwa awamu, ya lazima kwanza. Sishauri kulundika RAM stoo. DDR4 na DDR5 haziingiliani, na ofisi inayolimbikiza leo huweza kujikuta na vipande visivyoingia kwenye mashine itakazonunua kesho.

Kompyuta zilizotumika nazo ni chaguo la heshima, mradi zikidhi masharti ya Windows 11 na ziwe na dhamana inayoeleweka.

Mzigo ukifika, usisaini hati ya makabidhiano kwa kuhesabu maboksi tu. Washa kila mashine, linganisha kiasi cha RAM na kizazi chake na kilichoandikwa kwenye oda, andika namba ya utambulisho ya mashine, na RAM iliyonunuliwa peke yake ipimwe kwa programu kama MemTest86 kabla ya kukabidhiwa mtumiaji, kwa kuwa nyakati za uhaba ndizo bidhaa bandia hupenya kirahisi. Isiyolingana na oda irudishwe siku hiyohiyo, ikiwa na barua yenye namba zake.