Kufufua mtaa Dar es Salaam bajeti ikiwa finyu: gawa mradi, kila kipande kipate mfuko wake

Maombi mengi ya kuboresha mitaa hukwama kwa sababu yameandikwa kama mzigo mmoja: "Tunaomba shilingi kadhaa kwa ajili ya kuboresha mtaa wetu." Hakuna mfuko Dar es Salaam unaolipa kitu kinachoitwa mtaa. Kuna unaolipa barabara, kuna unaonunua saruji, kuna unaokopesha vijana, na kila mmoja una sheria yake na anayeusimamia. Kabla hamjaomba senti moja, ukateni mradi vipande, na kila kipande mkipeleke kwenye mfuko unaoruhusiwa kukilipia.

Tuchukue mfano wa eneo lililosongamana, tuseme Manzese au Tandale: kichochoro cha mita 120 chenye upana wa mita 2, mtaro pembeni yake, na genge lenye vizimba 40 ambalo halina choo.

Anzeni kwa kuuliza kila kitu ni cha nani. Tangu 2017 barabara za mijini zilizo kwenye mtandao rasmi, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kwa hiyo kuzipeleka kwa diwani kama ombi la fedha za halmashauri ni kupoteza msimu. Bomba la maji na la majitaka ni la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Soko na choo chake ni vya halmashauri, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Kichochoro kisicho na namba ya barabara mara nyingi hakina mwenyewe, na hapo ndipo nguvu za wananchi zina nafasi kubwa. Ulizeni pia, kwa barua, kama eneo lenu limo kwenye mradi mkubwa kama DMDP (mradi wa kuendeleza miundombinu ya jiji la Dar es Salaam) au ule wa bonde la Msimbazi. Ni uchungu mtupu kuchangishana mwaka mzima kisha katapila lije kuvunja mtaro wenu kupitisha mkubwa zaidi. Na kama mkubwa unakuja, ombeni mapema wawaachie sehemu ya kuunganisha maji yenu, kwa sababu mtaro usio na pa kumwagia unahamishia mafuriko kwa jirani tu.

Kisha fanyeni hesabu ya vifaa. Andiko lenye vipimo husomwa. Lenye malalamiko huwekwa kabatini. Kichochoro chetu ni mita za mraba 240. Pevingi (vitofali vya zege vya kutandaza chini) za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita moja ya mraba, yaani 12,000, ongezeni asilimia 5 ya zitakazovunjika na kukatwa: 12,600. Unene wa milimita 60 unatosha watu, pikipiki na bajaji. Kama gari litapita, ni milimita 80. Mtaro unahitaji mifuniko. Mfuniko wa sentimita 60 kwa 50, unene wa sentimita 7.5, una uzito wa kilo 54 hivi, watu wawili wanaunyanyua wakati wa kusafisha. Ukiwa mzito zaidi hautanyanyuliwa kamwe, na mtaro utajaa taka ukiwa umefunikwa vizuri. Mita 120 ni mifuniko 240, zege mita za ujazo 5.4, saruji mifuko 36 kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, na nondo za milimita 8. Mpelekeeni mhandisi wa halmashauri akague na kuweka sahihi. Sahihi hiyo ina thamani kuliko barua kumi za utambulisho.

Sasa mifuko.

Saruji na nondo za mifuniko zinafaa Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge, na lengo la mfuko ni kuchochea miradi ambayo wananchi wameshaianza. Kwa hiyo chimbeni kwanza. Mtaro uliochimbwa, muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye orodha ya mahudhurio, na mchanganuo wenye sahihi ya mhandisi, vikipita Kamati ya Maendeleo ya Kata hadi kwa afisa mipango, vina nafasi kubwa kuliko wazo lililoko midomoni.

Pevingi zinaweza kutoka kwa kikundi cha vijana wa hapo hapo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huu ni wa biashara, hauruhusiwi kujenga mtaro wa mtaa. Lakini kikundi kilichosajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii kinaweza kukopa kununua moldi na mashine, kikauzia mradi wenu, kisha kikauzia na wengine. Sheria ya ununuzi inatenga pia asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, ila kikundi lazima kiwe kimejisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Panapoharibika ni kwenye muda. Kikundi kikitoa pevingi 600 kwa siku, 12,600 zinachukua siku 21, na za mwisho zinahitaji kumwagiliwa angalau siku 7 na kuachwa hadi 28 ndipo zikomae. Hizo ni wiki saba. Wakiharakishwa, pembe zinamomonyoka kabla ya mwaka, na mtaa mzima unaamini vijana ndio wabovu.

Michango ya kaya inahitaji haki kuliko ukali. Uswahilini wengi ni wapangaji, na kichochoro kikipendeza anayepandisha kodi ni mwenye nyumba. Sisi tunashikilia kwamba mwenye nyumba achangie zaidi, wazi wazi, mkutanoni. Nyumba 90 kwa 10,000 kwa mwezi na kaya 360 za wapangaji kwa 2,000 ni 1,620,000. Msipange matumizi kwa hiyo. Pangeni kwa asilimia 60, yaani 972,000, na kwa miezi sita mtakuwa na 5,832,000. Pesa iingie akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi watatu, si kwenye simu ya mwenyekiti hata kama ni mwaminifu kiasi gani, na salio libandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi. Inayokwenda halmashauri ilipwe kwa kontroli namba tu. Na jueni kwamba serikali ya mtaa haina mamlaka ya kutoza ushuru kwa lazima bila sheria ndogo ya halmashauri. Mkimfungia mama lishe kizimba kwa sababu hajachangia, mmevunja sheria, na mradi utaishia polisi.

Choo cha genge kinaweza kujilipia, lakini hesabu yake ni kali. Watu 150 kwa siku kwa shilingi 200 ni 30,000. Mhudumu, maji, sabuni na akiba ya gari la majitaka tuseme 18,000. Zinabaki 12,000 kwa siku, 360,000 kwa mwezi. Ujenzi ukigharimu milioni 9, pesa inarudi kwa miezi 25. Wakija watu 100 tu, na gharama zikashuka hadi 17,000, zinabaki 3,000 kwa siku, na sasa ni miezi 100. Hakuna mwekezaji atakayekaa hapo. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa jenga-endesha-kabidhi na yeyote, wekeni mtu ahesabu wapita njia wiki nzima, siku ya mvua ikiwamo.

Fidia ni jambo la kukwepa kwa kila namna. Ukitwaa ardhi, lazima ulipe pia posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na malipo yakichelewa riba inaanza kuhesabiwa. Kwa kichochoro, pitieni kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja vya eneo lililojengwa bila mpango: kila mwenye nyumba akubali kwa maandishi kuachia nusu mita kabla ramani haijapitishwa. Nusu mita ya hiari ina faida kuliko mita mbili za kesi.

Hatifungani, yaani kukopa kwa umma kwa kuuza hati za deni, ni ya taasisi yenye mapato yake, kama mamlaka ya maji ya Tanga ilivyofanya 2024 ilipokusanya zaidi ya shilingi bilioni 53. Mtaa hauna njia hiyo, lakini halmashauri yenye soko linaloingiza pesa inaweza kuifikiria kwa idhini ya serikali. Njia ya kuuza viwanja kurudisha mkopo, iliyotumika kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, ilifaa pembezoni penye ardhi wazi. Manzese ardhi ya namna hiyo haipo.

Kalenda inaua miradi mingi kuliko uhaba wa pesa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vya kata hukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo andiko lenu liwe kwa mtendaji ifikapo Oktoba. Fedha zikitoka Julai halafu ununuzi uchukue miezi mitatu, mnaanza kuchimba vuli imeshapiga. Bei za vifaa, sahihi ya mhandisi na makubaliano ya wenye nyumba viwe tayari kabla ya Juni, ili kazi ifanyike kati ya Julai na Septemba ardhi ikiwa kavu.

Matengenezo hayana mfadhili, basi yapewe chanzo siku ya kwanza: kwenye kila elfu 12 zinazobaki chooni, 1,000 iende kwenye akaunti ya mtaro. Ni 365,000 kwa mwaka, inatosha vibarua wa kunyanyua mifuniko na kuzoa tope mara mbili, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na kumwaga upya mifuniko iliyopasuka. Tope liondolewe siku hiyo hiyo. Likiachwa pembeni, mvua ya kwanza inalirudisha ndani.